Kabati la miche chumbani: piga hesabu ya joto kabla ya kununua feni

Anza na taa, feni baadaye. Watu wengi wanaoniita kuangalia kabati la miche linalochemka wameshanunua feni mbili tatu, wametoboa mbao kila upande, na bado hawajui taa yao inakula wati ngapi. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Katika kazi yetu huwezi kuzungumzia kupoza kitu kabla hujajua joto linaingia kiasi gani, na kabati la miche nalo ni hivyo hivyo.

Kabati ninalolizungumzia ni la nguo, la milango miwili, la MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa): upana sentimita 120, kina 55, kimo 180. Lilibaki nyumbani binti yetu alipoolewa. Liko chumbani, ghorofa ya tatu, Sinza, Dar es Salaam, na reli iliyokuwa ikibeba magauni sasa inabeba taa. Ndani mna trei za miche ya pilipili hoho na nyanya, na makopo ya rehani na mchicha. Mtu akiona mwanga mkali ukipenya mlangoni usiku wa manane anafikiri ni bangi. Mjumbe wetu alishakuja kuhakikisha, akaondoka na miche ya hoho.

Utaniuliza kabati la nini wakati jua la Dar ni la bure. Mbegu chotara za hoho siku hizi zinauzwa kwa kuhesabiwa punje, na mvua moja ya masika ikizipiga trei barazani hela yako imekwenda na maji. Halafu kuna inzi weupe, wanaoambukiza nyanya virusi vya kukunja majani ikiwa bado mche. Mche ukilelewa ndani wiki zake za mwanzo, unatoka ukiwa na nguvu. Basi, hiyo ndiyo kazi ya kabati. Kama una kiwanja na kitalu chenye neti nzuri, huna haja nalo.

Wati zote ni joto

Kila wati inayoingia kwenye kabati inaishia kuwa joto. Ile inayopotea ndani ya taa ni joto moja kwa moja. Ile inayotoka kama mwanga inagonga majani, kuta na udongo, nayo inageuka joto hapo hapo. Sehemu ambayo mmea unaihifadhi kama chakula ni ndogo mno kuingia kwenye hesabu ya fundi. Kwa hiyo taa ya wati 100 ni hita ya wati 100. Sifa ya LED ni kwamba kwa wati hizo unapata mwanga mwingi. Haina maana kwamba wati zake ni za baridi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wanashika taa kwa mkono, wanaona ni vuguvugu tu, wanasema haina joto.

Maandishi makubwa ya kwenye boksi usiyaamini. Taa imeandikwa 1000W, ukitafuta kibandiko kidogo cha nyuma unakuta inakula 100 au 120. Kama mita ya LUKU iko mahali unapoweza kuiona, kuna njia ya kupima isiyo na gharama. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa hiyo taa, kisha tazama kile kitaa chekundu kinachowaka na kuzima kwenye mita. Pembeni yake pameandikwa kinawaka mara ngapi kwa uniti moja, mfano 1000 imp/kWh. Hesabu sekunde tangu kiwake hadi kiwake tena. Kwa mita ya 1000, gawanya 3600 kwa sekunde hizo. Ukipata sekunde 36, taa inakula wati 100. Ukipata 30, ni wati 120.

Ukiijua namba hiyo utajua na bili. Wati 100 kwa saa 14 ni uniti 1.4 kwa siku, karibu uniti 42 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75, kabati peke yake limeshakula zaidi ya nusu.

Sasa, kabla ya kununua chochote, punguza joto linaloingia. Kwanza, draiva ya taa, kile kiboksi cha chuma kinachobadili umeme, mara nyingi inachukua kama asilimia 10 ya wati zote na kuzigeuza joto. Ifungue kutoka mgongoni mwa taa, iweke juu ya kabati nje, waya upite kwenye tundu dogo. Zile wati 10 hazihusiki tena na miche yako. Pili, kama taa ina kitasa cha kupunguza mwanga, kitumie bila huruma. Miche iliyochomoza juzi haihitaji taa nzima. Ukishusha kutoka wati 100 hadi 60 umeondoa joto la wati 40 bila kununua feni, na LUKU inakushukuru. Ukiona miche inarefuka na kulegea, pandisha kidogo kidogo.

Zile taa za zamani za sodiamu za wati 400 ambazo wengine huzitoa kwenye maghala, ziache huko huko. Kabati la Dar haliziwezi.

Hewa kiasi gani

Hapa ndipo ninapotaka unielewe vizuri. Feni haipozi hewa. Inachukua hewa ya chumba, inaipitisha kabatini, inaitoa ikiwa imebeba joto. Kabati halitakuwa na baridi kuliko chumba hata ukiweka feni kumi. Chumba kikiwa nyuzi 31, ambayo ni hali ya kawaida mchana wa Februari hapa, kabati linalowaka taa litakuwa 31 na kitu. Kazi yako ni kuamua hicho "kitu" kiwe ngapi.

Kanuni ni nyepesi: zidisha wati kwa 3, gawanya kwa nyuzi unazokubali kabati lizidi chumba. Jibu ni mita za ujazo za hewa kwa saa. Hiyo 3 inatokana na hewa yenyewe: mita moja ya ujazo ina uzito wa kama kilo 1.2, na kuipandisha nyuzi moja kunahitaji jouli 1200 hivi.

Kwa taa ya wati 100, ukikubali kabati lizidi chumba kwa nyuzi 3, unahitaji mita 100 za ujazo kwa saa. Ukitaka lizidi kwa nyuzi 2, unahitaji 150. Ukitaka nyuzi 1 tu, 300. Unaona jinsi ile nyuzi ya mwisho ilivyo ghali? Ndiyo maana mimi nasimama kwenye 3, na joto linalobaki nalitafutia dawa kwenye saa za kuwasha taa, tutafika huko. Mbao zenyewe pia hupitisha joto kwenda nje, na hilo sikulihesabu, kwa hiyo ukifanya kazi safi utapata matokeo mazuri kuliko karatasi ilivyosema. Lisogeze kabati sentimita 10 kutoka ukutani ili mgongo wake nao upumue.

Utasikia watu wakikuambia "badilisha hewa yote ya kabati mara moja kila dakika." Hiyo haijui lolote kuhusu taa yako. Kabati kubwa lenye taa ndogo litakuwa linapulizwa bure mpaka trei zinakauka, na kabati dogo lenye taa kubwa litachemka huku kanuni ikiwa imetimizwa.

Feni za kompyuta za sentimita 12, zile za volti 12, ndizo rahisi kupata Kariakoo na kwa mafundi wa kompyuta. Upande wake utaona namba ya CFM, yaani futi za ujazo za hewa kwa dakika. Izidishe kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Feni ya CFM 60 ni karibu mita 100. Lakini namba hiyo ni ya feni iliyosimama hewani bila kizuizi. Ukiifunga kwenye tundu, ukaweka neti, hewa ikakata kona, hesabu nusu. Kwa hiyo kwa ile 100 yetu weka feni mbili kando kwa kando, siyo moja nyuma ya nyingine. Feni hizi hazina nguvu ya kusukuma hewa kwenye bomba refu. Kama kabati liko mbali na dirisha na lazima utumie bomba la mita mbili tatu, nunua feni ya bomba yenye msukumo, ile inayofungwa kwenye vyoo vya ndani visivyo na dirisha, na bomba liwe pana na lililonyooka.

Matundu

Hewa iingie chini, itoke juu, kona iliyo kinyume. Matundu yote mawili yakiwa upande mmoja, hewa safi itapanda moja kwa moja hadi kwenye feni, na trei za upande wa pili zitabaki kwenye hewa iliyolala.

Feni ifungwe juu, ivute hewa kwenda nje. Ukiifunga chini ikawa inasukuma ndani, hewa ya moto inatafuta njia kwenye kila upenyo wa mlango na huijui inatokea wapi. Ikivuta, kila upenyo unakuwa mlango wa kuingilia. Wapo wanaosema hewa moto hupanda yenyewe, tundu la juu latosha. Kwa kimo cha kabati na tofauti ya nyuzi 3, msukumo huo ni mdogo kiasi kwamba kipande cha neti ya mbu kinausimamisha.

Kosa ninalolikuta kila mahali ni tundu la kuingilia kuwa dogo. Mtu anafunga feni mbili juu, chini anatoboa vitundu vya kidole. Feni mbili za sentimita 12 zina uwazi wa kama sentimita 226 za mraba. Tundu la chini liwe mara mbili na nusu ya hapo. Mimi nimekata mfereji wa sentimita 12 kwa 47 kwenye ubao wa pembeni, chini kabisa, kwa msumeno wa umeme, kisha nikapaka rangi ya mafuta kingo zote, kwa sababu MDF iliyokatwa ikinywa maji inavimba kama andazi.

Neti ya kitandani inazuia mbu, lakini inzi mweupe anapita. Ukitaka kumzuia unahitaji neti nzito ya kitalu, na hiyo inabana hewa sana. Hapo usiitandaze juu ya tundu. Tengeneza kisanduku cha fremu kinachotokeza nje, kifunike kwa neti pande zote, ili eneo la neti liwe mara tatu au nne ya tundu lenyewe. Kisanduku hicho kitokee upande wa mapito ya hewa, siyo nyuma ya pazia.

Ukimaliza, washa kijiti cha udi. Kiweke karibu na tundu la chini: moshi unapaswa kunyonywa bila kusitasita. Kipitishe kandokando ya mlango uone panapovuta sana, ufunge na sponji. Kisha fungua mlango kidogo, ukishikilie ndani kwenye kila kona ya trei. Mahali ambapo moshi unasimama na kujikunja, ndipo mche utakapougua.

Hewa moto inakwenda wapi?

Kuitoa kabatini ni nusu ya kazi. Nyumba zetu za zamani zina matundu ya hewa juu ya madirisha, na joto linatoka. Ghorofa za siku hizi za madirisha ya alumini, ukifunga umefunga. Kabati likitema joto lake kwenye chumba kilichofungwa, chumba kinapanda, kabati linapanda juu yake, na ile hesabu ya nyuzi 3 bado ni sahihi ila imeanzia pabaya. Elekeza feni dirishani, au acha mlango wa chumba wazi na dirisha la upande wa pili wazi.

Kama chumba tayari kina AC, wati 100 ni kitu kidogo kwake. Mashine ya BTU 9000 inaondoa joto la zaidi ya wati 2600, kwa hiyo itameza kabati bila kuhisi. Lakini kununua AC kwa ajili ya miche, hapana. Mimi ndiye ninayezifunga na nakwambia hapana.

Kuhusu chupa za barafu, ambazo watu wanazipenda sana: chupa ya lita moja na nusu iliyoganda, mpaka iyeyuke na maji yake yafike joto la chumba, inakunywa joto la kama wati 190 kwa saa moja. Taa ya wati 100 inazalisha hilo kwa muda usiofika saa mbili. Yaani unabadilisha chupa usiku kucha, na friji iliyoigandisha imetema joto hilo hilo nyuma yake, pamoja na umeme wake yenyewe. Ikiwa friji iko chumba hicho hicho umejiongezea joto.

Kitambaa kibichi mbele ya tundu nacho kina mahali pake, na mahali hapo si Pwani. Dodoma kiangazi hewa ni kavu, maji yanakauka haraka na kupoza kweli. Dar hewa imeshiba tayari. Nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 75, hata ufanyeje kitambaa hakiwezi kukupa zaidi ya nyuzi tatu nne, na hewa inayoingia itakuwa imelowa chapachapa. Utakuwa umebadilisha joto kwa ubwiri, ule ukungu wa majani.

Usiku ndio mchana

Dawa kubwa kuliko zote ni taima ya elfu chache. Mmea haujui jua liko wapi. Unajua taa inawaka. Basi washa taa wakati chumba kimepoa. Yangu inawaka saa 2 usiku na kuzima saa 4 asubuhi, saa 14 kamili. Chumba kinakuwa na baridi yake kubwa alfajiri, na saa 8 mchana, jua likiwa limekaza, kabati liko gizani, halina joto lake lenyewe hata kidogo. Kwa taa ile ile na feni zile zile, umepata nafuu ambayo hakuna feni ingekupa. Ukiseti taima za kidijitali kumbuka zinasoma 20:00 hadi 10:00.

Sasa unyevu, kwa sababu watu wa Pwani tunahangaika na joto tukasahau unyevu, na ni unyevu unaoua miche. Hewa ikipashwa moto bila kuongezewa maji, unyevu wake unashuka. Wakati wa masika chumba kinaweza kuwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 85. Hewa hiyo ikiingia kabatini na kupanda hadi 31, unyevu unashuka hadi karibu 71. Zile nyuzi 3 ulizozilalamikia zimekukaushia kabati! Taa ikizima, hewa inarudi 85, na kama umemwagilia muda mfupi kabla ya kuzima, udongo na majani vinazidi kuongeza. Hapo ndipo kinyausi, ugonjwa wa ukungu wa miche, kinapokata miche shingoni.

Kwa hiyo mwagilia mwanzoni mwa saa za taa. Mimi namwagilia saa 2 usiku, taa inapowaka tu. Hadi asubuhi uso wa udongo umekauka. Usimwagilie karibu na kuzima. Na taa ikizima feni isizimwe, ipunguzwe. Nunua adapta yenye kichaguo cha volti. Kwenye 12 feni inakimbia, kwenye 7.5 inazunguka polepole na kwa utulivu, inatosha kuondoa mvuke.

Kifuniko cha plastiki juu ya trei kiondoke mara mbegu zinapochomoza. Watu wanakiacha siku tatu nne zaidi "ili isikauke". Kinyausi kinashukuru.

Feni ya ndani

Feni za kutoa hewa zinashughulikia joto la kabati, hazishughulikii jani. Kila jani lina utando wa hewa iliyotulia juu yake, na hewa hiyo isipotikiswa jani linapata moto kuliko kabati na halitoi maji vizuri. Saladi ndiyo inayoonyesha haraka: majani machanga ya katikati yanaungua kingo, yanakuwa kahawia, na mtu anakimbilia dukani kununua mbolea ya kalsiamu. Kalsiamu imo kwenye udongo. Inasafiri na maji, na maji hayapandi kwenye jani lisilopumua.

Feni moja ndogo ya sentimita 8 inatosha, ifungwe pembeni juu ya miche, ipulize ukutani ili upepo urudi umetawanyika. Majani yatikisike kama yanapepewa kwa pepeo la ukili, siyo kama bendera. Ukiielekeza moja kwa moja kwenye trei, kona moja itakauka kila siku na utalaumu kokopiti, yale makumbi ya nazi yaliyosagwa unayooteshea.

Kipimajoto, na kitu cha kuzima taa

Kipimajoto chenye kusoma na unyevu kiko bei rahisi, lakini mahali unapokiweka ndipo penye kazi. Kikipigwa na mwanga wa taa kitasoma uongo wa nyuzi kadhaa. Kining'inize usawa wa majani, ndani ya kikombe cheupe cha plastiki kilichokatwa kitako, kikiwa kivulini lakini hewa inapita.

Halafu kinga. Feni ikifa usiku na taa ikaendelea, hakuna atakayekuamsha. Mafundi wa mashine za kutotolea vifaranga wanatumia kibao kidogo cha saketi kinachoitwa W1209, cha volti 12, chenye kisoma-joto cha waya. Kwenye mashine ya vifaranga kinazima balbu joto likifika 37 na ushei. Kwenye kabati kitazima taa ya miche. Weka P0 (aina ya kazi) kwenye H (kupasha), joto la kuzimia 36, na P1 (nyuzi za kushuka kabla ya kuwasha tena) iwe 3: taa itazima ikifika 36 na kuwaka tena ikishuka hadi 33. Umeme wa volti 230 unaopita hapo ufungwe na mtu anayejua, ndani ya boksi lililofunikwa. Ekstensheni iwe juu ukutani, na kila waya uning'inie chini kidogo kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yakitiririka juu yake yadondoke sakafuni.

Umeme ukikatika usihangaike: taa imezima, joto limekoma kuzalishwa. Fungua milango tu. Miche itavumilia giza la saa kadhaa kuliko itakavyovumilia kufungiwa kwenye mvuke.

Kulijaribu

Kabla ya kuweka hata mbegu moja, washa kila kitu usiku mzima na upime joto sehemu tatu: chini, usawa wa majani, na juu kwenye feni, pamoja na la chumba. Usiangalie namba peke yake, angalia tofauti na chumba. Namba inabadilika na majira. Tofauti ndiyo tabia ya kabati lako.

Kijana mmoja wa Kimara alinipigia Februari. "Shikamoo mzee. Nimeongeza feni ya tatu, lakini joto halijashuka hata nyuzi moja."

"Marahaba. Fungua mlango upana wa kiganja, usubiri dakika kumi."

Akasubiri. Likashuka nyuzi nne. Basi tatizo si feni, tundu la kuingilia ni dogo. Feni zote tatu zilikuwa zinanyonya kwenye chupa iliyozibwa. Kama ungefungua mlango na joto lisibadilike, shida iko chumbani. Kama juu kuna moto na usawa wa majani pako sawa, usiguse kitu, hivyo ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kama majani yana moto kuliko sehemu zote mbili, taa iko karibu mno au feni ya ndani haifiki.

Halafu kubaliana na majira. Januari hadi Machi, kabati la Dar lisilo na AC ni la pilipili, bamia, mchicha, rehani. Hoho inaota vizuri kabisa kwenye nyuzi 28. Saladi usibishane nayo: mbegu yake hugoma kuota udongo ukikaribia nyuzi 30, na ukitaka kuilazimisha weka trei iliyolowa kwenye friji siku moja au mbili kwanza, kisha uitoe. Lakini hata ikiota, itakimbilia kutoa maua, na giligilani ni hivyo hivyo. Zipande Juni, kusi inapovuma na usiku kuna kaubaridi.

Aliyeko kwenye baridi ya Njombe au Lushoto anasoma haya akicheka. Kwake kanuni ni ile ile ila anaigeuza: badala ya kuuliza hewa ngapi nitoe, anauliza niache ngapi ili wati zangu zibaki na mimi. Usiku wa Julai aache feni moja kwenye volti za chini, azibe nusu ya tundu la kuingilia, taa iwake usiku. Asizime feni kabisa. Kabati lililofungwa kwenye baridi linatoa jasho kuta zote.

Mwisho ni usafi. Vumbi la Dar linaziba neti kuliko unavyodhani. Kila wiki ipige brashi, na mara moja kwa mwezi futa mapanga ya feni. Tofauti na chumba ikianza kupanda kutoka 3 kwenda 5 na hujabadilisha kitu, ni neti. Ukinunua feni uliza zenye bearing za gololi. Zile za bushi, zikilazwa juu ya kabati zikitazama dari, huanza kulia mapema. Na ukiwa dukani nunua moja ya ziada, kwa sababu itakufa Jumamosi usiku.